Fulana ya Mabingwa Walioshindwa

Euless, Texas
12 Februari 2017

Dada Avelina,

Kabla hujaitupa bahasha hii, tazama stempu. Nimechagua yenye ua, na nimepanga foleni posta kwa ajili yako, mimi ambaye hata kwa kinyozi sipangi foleni. Tangu Novemba simu zangu hupokei. Nimeona niandike, maana barua haina kitufe cha kukata.

Huku hatujambo. Mgongo unanisumbua kidogo kwa haya masanduku ya uwanja wa ndege, siku hizi watu wanasafiri na mawe, lakini mimi ndiye tegemeo la zamu nzima, bila mimi ndege haziruki. Jirani yangu Cassien, yule Mrundi wa ghala la viatu, anakusalimu ingawa hakujui. Mwanao Angel yuko darasa la ngapi sasa? Mwambie mjomba wake ametembea majimbo kumi na moja ya Marekani, manne nikiwa nimelala kwenye basi.

Sasa hongera! Super Bowl, ile fainali ya mpira wao wa Kimarekani, imechezwa mjini kwenu Houston, pua na mdomo na Pearland yako, Jumapili iliyopita, na najua wewe ulikuwa hospitali unapima watu presha, hata hukujua nani anacheza na nani. Mimi niliitazama kwa Cassien. Timu moja inaongoza ishirini na nane kwa tatu! Cassien akaanza kukusanya sahani. Ghafla wakageuziwa kibao, mpaka muda wa nyongeza, wakafungwa. Cassien akarudisha sahani mezani kwa heshima.

Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwingine. Kipenga kimelia tu, washindi wamevaa fulana na kofia zimeandikwa mabingwa, hata jasho halijakauka. Zilichapishwa saa ngapi? Kesho yake nikauliza kazini. Mzee mmoja wa mizigo akanieleza: wanachapisha za timu zote mbili kabla ya mchezo. Walioshinda wanavaa zao. Za walioshindwa hazitakiwi kuonekana Marekani, zinafungwa kwenye maboksi na kupelekwa nchi za mbali, kwa watu ambao hawatajua nani alishinda.

Dada, nilikaa juu ya sanduku la abiria. Fulana ya Baba!

Unaikumbuka, ya bluu, aliyoiokota kwenye rundo la mitumba sokoni Kamachumu, imeandikwa kwa njano kwamba timu ile ni mabingwa wa dunia, na mwaka wake. Jumapili aliivaa kanisani chini ya koti. Tumekua tukijua hivyo. Mwaka 2009 nilibishana nao hapa kazini nusura tushikane mashati, wakanionesha kwenye kompyuta kuwa timu ile ilifungwa. Nikawaambia kompyuta inakosea, baba yangu ana ushahidi wa nguo. Mpaka leo kuna wanaoniita Ushahidi. Jina la timu silitaji, mashabiki wake wamo hata posta, wasije wakaichana barua.

Kumbe miaka yote Baba alivaa ubingwa ambao haukufika! Alishasema mwenyewe kuwa fulana ile itakuwa yangu. Naitaka. Iko wapi?

Mdogo wako, mtu wa dunia,
Wilbroad


Pearland, Texas
9 Aprili 2017

Wilbroad mdogo wangu,

Barua yako ilifika siku nyingi. Sikuchelewa kwa sababu ya kazi. Angel yuko darasa la nne. Shangazi Gaudence yuko Kamachumu kama kawaida, goti linamsumbua, na anakuulizia kila Jumapili.

Fulana ipo. Haijapotea.

Kama umesahau, nakukumbusha. Tulipomzika Baba Novemba hukuja. Ulisema kazi zimekubana. Haya. Nikakushikia simu juu ya kaburi, nimefungulia sauti, watu mia tatu wanasubiri neno la mtoto wake wa kiume. Ukasema, "Mwambieni akifika afungue koti, waone bingwa ameingia." Ukacheka. Padri akatazama viatu vyake. Mkono ulioshika ile simu ulikuwa wangu, Wilbroad, na nilishindwa kujua niuweke wapi.

Siku ya kuanua matanga nguo za Baba ziligawiwa kwa walioonekana wakimlilia, kama ilivyo kwetu. Shangazi Gaudence akasema fulana ni ya Wilbroad, lakini atapewa siku tutakayomwona analia. Kusikia kwamba umelia hakutoshi. Tukuone.

Hayo ndiyo maneno niliyopewa nikufikishie.

Dada yako,
Avelina


Euless
1 Septemba 2017

Dada,

Leo sina salamu ndefu. Nimeona maji ya Houston kwenye televisheni, nimeona watu wanapita kwa mitumbwi kwenye barabara kuu. Simu hupokei na safari hii sijui kama ni hasira au ni maji. Juzi nilimtoa Cassien kitandani tukaja na gari lake. Tukafika Huntsville, askari akaturudisha. Nikamwambia mimi najua kuogelea, nimekulia Ziwa Victoria. Akasema, "Sir, turn around." Cassien akageuza gari kabla sijaanza kumweleza habari za ziwa.

Niandikie neno moja. Hata kama ni tusi.

Na Shangazi mwambieni mimi nilizaliwa nikicheka, mkunga nusura anidondoshe. Hayo mambo ya kulia atafute mtu mwingine. Lakini fulana bado naitaka.

Wilbroad


Pearland
24 Septemba 2017

Mdogo wangu,

Tuko wazima. Maji yaliingia ndani mpaka magotini, tumeng'oa mazulia, nyumba inanuka kama mtungi wa zamani. Nilipata muda wa kupandisha darini vitu vichache tu. Angel alinicheka kwa nilichotangulia kukipandisha, kabla ya pasipoti, kabla hata ya vyeti vyangu vya uuguzi. Sikuambii ni nini.

Kwa Huntsville, asante. Mwambie na Cassien.

Avelina


Euless
22 Julai 2018

Dada Avelina, msomi wa ukoo, muuguzi wa mataifa,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mdogo wako ni nyota wa sinema.

Salamu kwanza, nisije nikaambiwa umaarufu umenipanda kichwani. Mgongo umepona, au umezoea. Cassien amepandishwa cheo, sasa anawasimamia wanaofunga viatu. Angel mnunulie daftari la kukusanyia saini, aanze na yangu.

Ilikuwa hivi. Cassien aliona tangazo kwenye duka la vyakula vya kwetu: wanatafuta watu wa kujaza uwanja, kuna filamu ya televisheni inapigwa, habari yake ni Super Bowl. Nika-apply hapohapo, Cassien nikamjazia fomu yake. Kwenye ujuzi wake nikaandika "kushangaa". Tukachukuliwa wote.

Uwanja wenyewe ni wa shule ya sekondari! Ila sekondari za Texas unazijua, uwanja una viti elfu kumi na mbili, maabara yao sijaiona. Wakaupamba ukawa fainali ya taifa. Na timu zenyewe hazipo duniani, wamezibuni na rangi na nyimbo zake. Nikauliza kwa nini, wakasema majina ya kweli yana wenyewe. Na kwa sababu Super Bowl huwa Februari, tulivalishwa majaketi ya baridi na skafu za sufu. Julai! Texas! Mzungu mmoja alizirai na kibendera chake mkononi, na kamera ikaendelea.

Sasa sikiliza maajabu. Watu halisi tulikuwa mia mbili tu. Waliobaki wote ni wanasesere wa plastiki wanaopulizwa kama puto, wamevalishwa kofia na nywele za bandia. Cassien alikaa kati ya wawili. Akamwamkia wa kulia, "Bonjour, shemeji," asijibiwe, akaniambia huyu ana maringo. Na sisi mia mbili tunahamishwa: tukimaliza kona hii tunabadilishwa kofia, tunapelekwa ile. Asubuhi nilikuwa upande wa mabingwa, mchana nikawa wa waliofungwa, kwa shilingi ileile ya jasho. Nikamkumbuka Baba na fulana yake. Angeipenda kazi ile.

Na tunashangilia bila sauti. Kweli! Mdomo wazi, mikono juu, unaruka, lakini kimya, ili maneno ya waigizaji pale chini yasikike. Kelele wataziweka baadaye. Fikiria watu mia mbili wanapiga makelele na unasikia inzi anapita.

Mwisho ikaja sehemu ya waliofungwa. Saa ya uwanjani wameisimamisha kwenye sekunde nne, ilikaa sekunde nne tangu chakula cha mchana. Wakasema tulie. Wengine wanapakwa dawa chini ya macho, inachoma kama kitunguu. Mimi mama mmoja mwenye kipaza sauti, ndiye anayetupanga pale uwanjani, akanijia mwenyewe: "Wewe bwana mkubwa, acha kucheka." Basi nikalia. Unanijua nikiamua jambo. Nililia mpaka kamera ikaacha nyota wao ikaja kwangu, na Cassien akaniuliza kama nimeumwa na nyuki.

Ila kuna kitu kiliniudhi. Wakati wa kurudisha nguo, mama wa mavazi akanigombeza kuwa kola ya jezi niliyovaa imelowa na kutoka nyuzi. Mimi sijui ilikuwaje. Walinipa mbovu.

Itaoneshwa Januari. Mwambie Shangazi atafute televisheni. Aliyataka machozi, anaandaliwa kwa teknolojia ya kisasa.

Ndugu yako maarufu,
Wilbroad


Pearland
2 Septemba 2018

Wilbroad,

Nimeisoma barua yako kwenye chumba cha mapumziko nikacheka peke yangu, mwenzangu akauliza kama nimepata habari njema. Nikasema sijui bado.

Angel anasema sinema za mchezo huu zote humalizikia sekunde za mwisho, hata siku moja hajaona fainali ya sinema iliyoamuliwa mapema. Kwa nini? Na wale wanasesere wanapelekwa wapi baadaye? Kushangilia kimya kunachosha kuliko kwa sauti? Waliofungwa, filamu inawarudia tena au inawaacha palepale wanalia? Na dawa ya macho, wewe walikupaka au hawakukupaka?

Usiniandikie mbwembwe. Nijibu nilichouliza.

Shangazi hajambo, goti nalo halijambo.

Avelina


Euless
18 Novemba 2018

Dada,

Umeuliza, mtaalamu anajibu.

Sekunde za mwisho ni kwa sababu mtu akijua matokeo mapema anakwenda jikoni. Wanasesere wanatolewa upepo, wanakunjwa, wanapelekwa kuwa mashabiki kwingine, mmoja wao Cassien anadai amemwona kwenye filamu ya ngumi. Kushangilia kimya kunachosha zaidi, maana sauti hukosa pa kutokea inarudi kifuani. Waliofungwa hawarudiwi. Niliuliza mwenyewe. Wanaoneshwa mara moja, halafu kamera inakwenda kwa washindi moja kwa moja.

Ni tarehe 26 Januari, Jumamosi, saa moja jioni. Shati langu la kupokelea sifa liko kwa dobi.

Wilbroad


Pearland
10 Februari 2019

Mdogo wangu,

Swali la mwisho, la dawa ya macho, hukulijibu. Nililiona pengo lake, nikakaa nalo miezi miwili.

Tuliitazama mimi na Angel. Nilikuwa nimejiandaa kukasirika. Nilijua nitakuona unafungua mdomo kama mamba na kutazama kamera, nami nilishapanga maneno ya kukuandikia: machozi ya sinema hayahesabiwi.

Ukatokea. Sekunde nne, kama ile saa yao. Watu wote wameweka mikono kichwani, na wewe umo kati yao. Angel hakukujua. Anakujua kwa picha ya zamani tu, unacheka kwenye picha. Akasema kwa Kiingereza chake kuwa yule mtu wa pili kutoka kushoto haigizi.

Nikarudisha nyuma, nikaona. Nikarudisha tena. Sekunde ya tatu ulipandisha kola mdomoni ukaiuma.

Wilbroad, wewe tangu mtoto una vilio viwili. Kuna cha kutafuta sukari, hicho unafungua mdomo wote na jicho moja linaangalia nani anakuangalia. Na kuna kile kingine, ambacho unajiziba mdomo kwa kola ya shati asikusikie mtu. Mama alikuwa akishona kola zako za shule kila muhula, akidhani ni panya. Mimi nilijua si panya. Sikumwambia. Na wewe mwenyewe naona mpaka leo hujui, umeandika kuwa walikupa jezi mbovu.

Niliirekodi kwa simu nikamtumia Shangazi Gaudence. Aliitazama kwenye simu ya katekista. Swali lake la kwanza: "Huo msiba ni wa nani, mbona watu wengi hivyo?" Nikamweleza ni mpira, wamefungwa, ni filamu tu. Akasema, "Wengine sijui. Huyu wetu analia msiba."

Halafu akaniuliza, "Ile fulana bado hujampa tu?"

Ndiyo. Lile sharti si la Shangazi. Yeye alisema siku ileile nikupe, nikupelekee mkononi, mtoto yuko peke yake ugenini. Aliyesema hupati mpaka uonekane unalia ni mimi. Nilimsingizia mama mzee mwenye goti kwa sababu niliona aibu kukuwekea sharti kwa jina langu. Fulana ilikuwa kwangu Pearland muda wote. Ndiyo niliyoipandisha darini.

Imo ndani ya kifurushi hiki. Sijaifua.

Sasa niambie ulilia nini. Na kwa nini hukuja.

Avelina


Euless
3 Machi 2019

Dada Avelina,

Kifurushi kimefika. Cassien alikuwepo, akauliza ndani kuna nini, nikamwambia ushahidi.

Hapa hatujambo. Nimeanza barua hii mara nne, tatu zilikuwa na utani mzuri sana, ungecheka. Nimezichana.

Hawakunipaka dawa.

Kazi hazikunibana, dada. Makaratasi yangu ya ukaazi yalikuwa bado mezani kwa watu wa uhamiaji. Ningetoka nchini, nisingeruhusiwa kurudi. Miaka yote nilishawaambia nyumbani kuwa mimi mambo yangu safi, mtu wa dunia. Nikaona bora nionekane mwenye kazi nyingi kuliko mwenye kufungiwa mlango. Yalitoka mwaka jana Oktoba. Hilo nalo sikuandika, maana ningelazimika kuanzia mwanzo.

Siku ile uliposhika simu nilisikia kila kitu. Nilisikia koleo. Nilisikia udongo unavyoanguka juu ya mbao, mlio ule hauna mfano. Nilikuwa nimekaa sakafuni bafuni, nimefunga mlango. Nikajua nikinyamaza kidogo tu, kitakachotoka ni kile kilio kingine, mbele ya watu mia tatu na Padri. Nikasema neno la kwanza lililokuja, nikacheka. Mpaka leo nakisikia kimya chenu.

Sasa yule mama wa filamu. Aliponiambia niache kucheka, nikamuuliza nilie nini, timu yenyewe haipo. Akasema, "Muda umekwisha, na wewe ulikuwa huku juu mbali, hukuweza kufanya lolote ila kutazama." Hakujua anaongea na nani. Basi.

Fulana nimeivaa. Imenibana kifuani na kwapani, kitovu kiko nje. Miaka yote nilimkumbuka Baba kama mtu mkubwa, koti lake tulikuwa tunajifunika wawili. Kumbe alikuwa mtu mdogo hivi. Shingoni ina harufu yake bado, na ya maji kidogo.

Nauli ya Juni nimeshalipa, nakwenda Kamachumu. Nitapita Houston kwanza, mje na Angel kama mnaweza. Makaburini nitaivaa hiihii, hakuna koti.

Namba yangu ni ileile. Ukipiga, nikanyamaza, usikate.

Wilbroad